Antoinette Lubaki, mchoraji wa Bukama

Atajwapo Lubaki katika historia ya uchoraji wa Kongo, wengi humkusudia Albert, mume. Antoinette, mkewe, aliyezaliwa mnamo 1895, naye alikuwa mchoraji, na jina lake lastahili kuandikwa kwa ukamilifu.

Mwaka 1926 Georges Thiry, mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Ubelgiji, aliona huko Bukama, Katanga, nyumba zilizochorwa kutani. Ukuta wa udongo haudumu mbele ya mvua. Ndipo akawapa wachoraji karatasi na rangi za maji. Antoinette akachora watu, wanyama na miti, akiacha weupe wa karatasi uwazunguke. Kwa juhudi za Thiry na Gaston-Denys Périer, aliyekuwa Brussels, kazi za Lubaki zilionyeshwa mjini humo 1929, Geneva 1930, Paris 1931.

Basi karatasi iliziokoa picha na mvua, ikaziondoa pia machoni pa watu wa Bukama. Hasara hiyo, kwa maoni yangu, haijapimwa vya kutosha. Katika miaka ya 1930 mawasiliano na wachoraji yalikatika. Picha za Antoinette zilionekana tena Paris mwaka 2015, kisha Venice mwaka 2022, safari hii kwa jina lake mwenyewe.