Miaka ya Kungoja

Waingereza wengi wakikumbuka utoto wao hutaja mwaka 1982, ZX Spectrum ilipochomekwa kwenye televisheni ya sebuleni na watoto wakajifunza kuandika programu kwa BASIC. Mwaka huo baba yangu alikuwa na miaka 12, hapa Gerezani, akichokonoa redio mbovu.

Kompyuta hakuwahi kuiona. Serikali ilifunga ya kwanza Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mashine zikala fedha nyingi bila tija, na mwaka 1974 uingizaji wake ukapigwa marufuku. Hata televisheni ya kuchomekea hakuwa nayo: vituo vya Tanzania Bara vilianza kurusha matangazo mwaka 1994.

Mwaka 2009 baba alinunua kompyuta ya mtumba Kariakoo. Ndani nikakuta QBasic. Niliandika mistari miwili: wa kwanza unachapa jina lake, wa pili unarudi kwenye wa kwanza. Jina likajaa kioo chote, halikomi.

Baba akavuta kiti.

"Inasimamishwaje hiyo?"

Nikamwonyesha. Akanyamaza kidogo, kisha akaniomba nimpishe aandike yeye. Alikuwa na miaka 39.