Wingi wa Watu si Wepesi wa Kazi

Wengi hudhani kwamba kazi iliyochelewa huponywa kwa kuongeza wafanyakazi. Katika shamba la mahindi dhana hiyo ni kweli, kwani kila mpaliliaji hushika mstari wake bila kumwuliza jirani neno. Lakini zipo kazi za namna nyingine, na historia ya kampuni ya IBM ya Marekani yatuonyesha tofauti yake.

Tarehe 7 Aprili 1964 kampuni hiyo ilitangaza jamii mpya ya kompyuta, System/360. Kabla ya hapo, mteja aliyehama kutoka mashine ndogo kwenda kubwa mara nyingi alilazimika kuandika programu zake upya. Thomas Watson Jr., mkuu wa kampuni, alikata shauri kwamba mashine zote, ndogo kwa kubwa, zisikilizane. Gharama yakadiriwa kuwa dola bilioni 5. Lau shauri hilo lingalivunjika, kampuni yenyewe ingalitikisika.

Mashine hizo zilihitaji programu kuu ya kuziendesha, OS/360, na msimamizi wake alikuwa Frederick Brooks. Kazi ilipopamba moto, watu zaidi ya 1,000 waliishughulikia. Hata hivyo ilichelewa, ikazidi gharama, na ilipotoka ilikuwa na makosa mengi.

Sababu yake ni nini? Waandishi wa programu hawagawani kazi kama wapaliliaji. Jambo analolibadili mmoja hapana budi wenzake walijue. Watu 3 wana njia 3 za kupashana habari. Watu 10 wana njia 45. Watu 50 wana njia 1,225. Tena mgeni hufundishwa na mwenyeji, naye mwenyeji huiacha kazi yake. Kitabu cha maelezo walichogawiwa wafanyakazi kilifikia unene wa futi 5 katika miezi sita, na marekebisho ya siku moja yalikuwa kurasa kama 150. Nani angeyasoma yote, kisha apate wasaa wa kufanya kazi?

Kosa la pili lilikuwa la kutopanga lipi litangulie. Wasanifu 10 waliomba miezi 10 waandike ramani ya kazi, yaani miezi 3 kupita muda uliowekwa. Msimamizi wa watu 150 akaahidi kuimaliza kwa wakati. Brooks akawapa wale 150, asipende wakae bure. Kazi ikachelewa miezi 3 vile vile, na ubora ukapungua. Yeye mwenyewe alikadiria kwamba uamuzi huo uliongeza mwaka mzima wa kusahihisha makosa.

System/360 ilifaulu hatimaye, ikaitajirisha kampuni. Lakini mwaka 1975 Brooks alitoa kitabu, The Mythical Man-Month, akaeleza kwamba kuongeza watu katika programu iliyochelewa huichelewesha zaidi.

Wazee wetu walikwisha kunena: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Basi, kijana utakayepewa kazi ya kusimamia, usianze kwa kuuliza watu ni wangapi. Uliza kwanza ni nani anayeamua, ni lipi la kutangulia, na habari zitamfikiaje kila mmoja.