Kutoka Tanuri la Chokaa hadi Gesi ya Songo Songo

Wana-Kilwa wenzangu,

Mgeni akija kwetu tunampeleka Kisiwani akaone Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa. Wazee wetu waliyapanga matumbawe juu ya rundo la magogo, wakayachoma mpaka yakawa chokaa. Kila ukuta ulikula kuni nyingi kabla haujasimama.

Saruji nayo hutokana na mawe ya chokaa, ila inadai moto mkali zaidi. Chokaa hupatikana kwenye nyuzi 900 hivi. Klinka, ambayo husagwa kuwa saruji, huhitaji nyuzi 1,450. Kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1966, kilichoma mafuta mazito kutoka nje. Gesi iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, lakini bomba lilianza kuifikisha Dar mwaka 2004. Tangu hapo Kilwa ndiyo inayowasha tanuri lile.

Kwa joto lilelile, gesi hutoa hewa ya ukaa pungufu kwa takriban robo kuliko mafuta mazito. Hilo ni la kujivunia. Lakini mimi ni mhasibu, nasoma pande zote mbili za daftari. Zaidi ya nusu ya hewa ya ukaa ya saruji haitoki kwenye moto. Inatoka ndani ya jiwe lenyewe linapoungua. Hiyo hupungua tu klinka ikipungua: kiwandani kwa kuchanganya majivu ya volkano au mawe ya chokaa yaliyosagwa, na kwetu kwa kutopoteza saruji.

Hapo tujisahihishe. Mwaka juzi, katika ujenzi wa madarasa, niliandika hasara ya mifuko 11 iliyoganda stoo kwa unyevu. Ilikuwa michango yenu, na moto uliowaka bure.

Mwaka huu tunachangia nyumba ya walimu. Naiomba kamati ikubali mambo matatu. Mifuko ipangwe juu ya mbao, si sakafuni. Inunuliwe kwa awamu, kadiri fundi anavyoihitaji. Na saruji ya 42.5 iende kwenye nguzo na lenta, lipu ipigwe kwa 32.5, ambayo kwa kawaida ina klinka kidogo zaidi.

Changieni kwa moyo. Daftari litakuwa wazi mkutanoni, mfuko kwa mfuko.