Sindano na Sikukuu ya Noeli katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Katika kuandika habari za dayosisi ni desturi kutaja maaskofu, makanisa na shule. Lakini iko historia nyingine iliyoandikwa kwa uzi, nayo huonekana zaidi siku ya Noeli. Kila nyumba ya Kikristo, hata iwe maskini, hutaka siku ile mtoto avae nguo mpya na meza itandikwe kitambaa safi. Twataka kueleza kwa nini nguo ya sikukuu si jambo dogo kwa watu wa pwani hii.

Kazi ya uzi ni ya kale kwetu kuliko misheni. Wachimbaji wa mambo ya kale waliofanya kazi Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960, wakiongozwa na Bwana Neville Chittick, walifukua vigurudumu vidogo vya udongo, ambavyo wenyeji wa zamani walivitumia kusokotea pamba. Tena jirani zetu Waislamu, kabla ya Idi, hushona kofia za viua. Fundi huchora nakshi, kisha hutoboa vitundu na kukizungushia kila kimoja uzi kwa sindano. Kofia moja yaweza kuchukua majuma mengi. Basi Wakristo wa kwanza wa pwani hawakungoja kufundishwa na Ulaya ya kwamba sikukuu hudai kazi ya mkono. Jambo hilo walilikuta hapa hapa.

Lakini si kila mtu aliyekuwa na ruhusa ya kujipamba. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa waliotoka bara, hasa pande za Ziwa Nyasa. Mtumwa alijulikana kwa vazi lake, yaani kaniki, au merikani, kitambaa kilichoitwa kwa jina la nchi kilikotoka. Na kufunika kichwa mbele ya waungwana kulikatazwa. Hivyo nguo ilikuwa mpaka kati ya mtu na mtu.

Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kukataza kuwachukua kwa njia ya bahari. Siku ya Noeli ya mwaka ule ule liliwekwa jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini, Unguja, mahali palipokuwa soko. Huko Mbweni misheni ilikuwa na shule ya wasichana waliookolewa katika majahazi, nao pamoja na kusoma walifundishwa kushona. Na tufikiri maana yake: huko bara watu walikuwa wakinunuliwa kwa vipande vya nguo, na sasa msichana wa namna hiyo ameshika kitambaa na sindano, anajishonea nguo yake mwenyewe.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaongoza watu waliowekwa huru, wanaume kwa wanawake, kutoka Unguja kwa bahari mpaka Lindi, na kutoka Lindi kwa miguu hata Masasi. Katika pwani ambayo watu waliipita kama bidhaa, hawa walipita wakiwa na jina na nyumba ya kwenda kujenga. Lakini utumwa haukukomeshwa kwa sheria katika Tanganyika mpaka mwaka 1922. Tukikumbuka hayo tutaelewa ya kuwa nguo mpya ya Noeli haikuwa majivuno kwa wazee wetu; ilikuwa ushahidi.

Desturi hii yatuunganisha na mataifa mengine. Huko Ethiopia, ambako sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bwana huangukia tarehe 7 Januari, watu huvaa nguo nyeupe za pamba zilizofumwa kwa mkono, zenye taraza za rangi pindoni. Bethlehemu kwenyewe wanawake wamesifiwa tangu zamani kwa kudarizi koti fupi kwa nyuzi za hariri na za dhahabu. Na mwaka 2021 UNESCO iliandika kudarizi kwa Wapalestina katika urithi wa wanadamu wote. Uingereza watoto hutundika soksi usiku wa kuamkia Noeli, na nyumba nyingi hutunza soksi ile ile mwaka hata mwaka.

Kwetu Noeli huja katika msimu wa korosho na maembe. Fedha ya korosho ikipatikana, mafundi cherehani huketi barazani hata usiku. Ndani ya nyumba vitambaa vilivyodariziwa na mama au bibi hutolewa sandukuni, hufuliwa, hutiwa wanga na kupigwa pasi. Sahani za pilau hupelekwa kwa jirani Mwislamu, naye alifanya vivyo siku ya Idi.

Siku hizi nguo zilizoshonwa viwandani ni rahisi kupatikana, wala hatumlaumu mzazi anayezinunua. Hatari ni hii, kwamba kitambaa kitabaki sandukuni na jina la aliyekidarizi litasahauliwa. Kwa hiyo twawasihi walimu wawatume watoto nyumbani wakaulize: Kitambaa hiki nani alikishona? Alifundishwa na nani, wapi, mwaka gani? Majibu wayaandike daftarini. Na bibi aliye hai bado na aombwe aje shuleni na sindano yake, maana mshono haufundishiki kwa maneno tu.