Hitilafu

Umeme ukikatika Lushoto, fundi husema kumepiga shoti. Taarifa rasmi hupendelea hitilafu. Shoti ni la Kiingereza na halina siri. Hitilafu, lenye asili ya Kiarabu, limebeba mizigo miwili: tofauti na kasoro. Ndugu wawili wanaweza kuhitilafiana bila yeyote kuwa mbovu.

Transfoma pia. Chukua mfano wa kiwanda cha chai cha Usambara chenye transfoma mbili zilizofungwa sambamba: ya kVA 100 yenye impedansi (kizuizi cha ndani) ya asilimia 4, na ya kVA 200 yenye asilimia 5. Kwenye volti 400, mkondo wao wa kawaida ni ampea 144 na 289. Nyaya zikigusana karibu nazo, mkondo wa shoti hukokotolewa hivi: gawanya 144 kwa 0.04, upate ampea 3,600. Gawanya 289 kwa 0.05, upate kama 5,800. Jumla ni 9,400.

Mvivu wa hesabu hujumlisha kVA 300, akatumia asilimia 5 kwa zote, akapata 8,700. Sakiti breka aliyoichagua kwa kipimo hicho huenda isihimili.

Kweli, hesabu hii huichukulia gridi kuwa na nguvu isiyo na kikomo. Milimani, mwisho wa laini ndefu, mkondo halisi huwa mdogo zaidi.

Na hata siku ya amani, ile ya asilimia 4 hubeba zaidi ya fungu lake. Hiyo nayo huitwaje, kama si hitilafu?