Zanzibar Heroes, ekipe ya taifa yenye haina njia ya kwenda CAN

Wapenda mpira wa Lubumbashi wanajua Taifa Stars ya Tanzania. Wengi hawajue kama ndani ya ile Tanzania kuko ekipe ingine ya taifa: Zanzibar Heroes, ya visiwa vya Unguja na Pemba. Iko na mwalimu wake na bendera yake, na wakati mwingine inapiga Tanzania bara yenyewe. Lakini haiwezi kucheza mechi za kutafuta nafasi kwenye CAN ao Kombe la Dunia.

Shida inatokea kwa namna nchi imepangwa. Tarehe 26 mwezi wa nne 1964, Tanganyika na Zanzibar ziliungana. Mambo ya nje na jeshi yakawa ya Muungano, lakini michezo haimo katika ile orodha. Ndiyo maana kuko mashirikisho mawili ya mpira, moja la bara na lingine la visiwani. Mbele ya FIFA linajulikana moja tu, lile la Tanzania. Zanzibar iliomba kuingia FIFA mwaka 2005, ikakataliwa.

Kwa hiyo wachezaji wa visiwani wanavaa jezi mbili. Kwenye kombe la CECAFA, lenye kukutanisha nchi za Afrika ya mashariki, wako Zanzibar Heroes, na bara inatuma ekipe yake, Kilimanjaro Stars. Kwenye CAN wote wanaingia pamoja katika Taifa Stars, kama vile Feisal Salum, mtoto wa Zanzibar. Vilabu vya visiwani vinaruhusiwa kucheza Ligi ya Mabingwa ya Afrika sawa na Mazembe. Ekipe ya taifa, hapana.

Mwaka 2017 mlango ulifunguka kidogo. Tarehe 16 mwezi wa tatu, kule Addis Ababa, CAF ilipokea Zanzibar kuwa mwanachama wa 55. Watu wa visiwani walifurahi sana. Miezi ine tu ikapita. Tarehe 21 mwezi wa saba, Rabat, CAF ikafuta ile ruhusa. Rais wake mpya, Ahmad Ahmad, alieleza kama nchi moja haiwezi kuwa na mashirikisho mawili, na kwamba nchi ni ile inayotambuliwa na Umoja wa Afrika na Umoja wa Mataifa. Kisheria mtu anaweza kuelewa. Lakini kupokea mtu nyumbani kisha kumutosha kabla hajakaa, ile ni ngumu kumeza.

Mwezi wa kumi na mbili wa mwaka uleule, Heroes walikwenda CECAFA kule Kenya (nchi, si commune yetu). Walipiga Tanzania bara 2-1, wakapiga Uganda 2-1 katika nusu fainali. Fainali ilichezwa Machakos na wenyeji, ikaisha 2-2 kisha dakika za nyongeza, Kenya ikashinda kwa penalti. Zanzibar ilikuwa imepata kombe hilo mara moja, mwaka 1995. Mwalimu wa 2017 alikuwa Hemed Suleiman, wanamuita Morocco. Ndiye aliyekuwa kwenye benchi ya Tanzania tarehe 24 mwezi wa kwanza 2024, kule Korhogo, siku Léopards wetu walitoka nayo 0-0 kwenye CAN.

Wengine wanafikiri Zanzibar inakosa nafasi juu ni ndogo. Si vile. Curaçao, kisiwa cha Caribbean ndani ya ufalme wa Uholanzi, kiko na watu karibu 156,000 tu. Mwezi wa kumi na moja 2025 kilitoka 0-0 na Jamaica kule Kingston, kikapata tiketi ya Kombe la Dunia la 2026. Montserrat na Anguilla, visiwa vya Uingereza, vyote ni wanachama wa FIFA. Zanzibar, kwa hesabu ya 2022, iko na watu karibu milioni 1.9. Lakini yenyewe si koloni ya mtu. Ni sehemu ya nchi huru yenye kuwa tayari na kiti chake FIFA.

Tarehe 13 mwezi wa kwanza 2025, kwenye uwanja wa Gombani kisiwani Pemba, Heroes walipiga Burkina Faso 2-1 na kubeba Kombe la Mapinduzi. Burkina Faso iko na namba yake kwenye orodha ya FIFA. Zanzibar haimo.