Muuguzi, Siri ya Mgonjwa na Sheria

Jirani yangu alivuka feri hadi Likoni kumpeleka bintiye kliniki, ilhali zahanati i karibu na mlango wake. Nilipomuuliza sababu akanijibu, "Kakangu, pale nesi ni mtu wa mtaa huu huu. Nikitoka tu, baraza zima litajua."

Mimi naona hapo ndipo heshima ya uuguzi inapovunjika, kuliko kwenye sare chafu au simu sikioni wodini, ijapokuwa hayo nayo yanaudhi.

Muuguzi hapa Kenya hufanya kazi chini ya sheria, Sura ya 257. Lazima awe amesajiliwa na Baraza la Wauguzi (si lile la kahawa) na awe na leseni hai. Siri ya mgonjwa nayo si hisani. Katiba, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Afya ya 2017 inakataza kutoa habari za mgonjwa bila idhini yake, ila pale sheria au mahakama inapotaka. Sheria hiyo hiyo inataka mgonjwa aelezwe hali yake kwa lugha anayoifahamu. Kuhusu Ukimwi, kuna sheria yake tangu 2006, na kutangaza majibu ya mtu ni kosa.

Je, kuna anayewajibishwa? Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma ilimpa fidia ya shilingi milioni 2.5 mama aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya umma mwaka 2013, akatukanwa na kupigwa makofi na wauguzi. Lakini mahakama haikuishia kwa wauguzi. Ililaumu pia serikali kuu na ya kaunti kwa kutotoa huduma ipasavyo. Na tuseme haki: muuguzi mmoja, wodi imejaa usiku kucha na glavu zimekwisha, mzigo huo si wake peke yake.

Nilimwambia jirani aanze kwa msimamizi wa zahanati, aandike tarehe, saa na jina la mhusika. Asiposikizwa aende Baraza la Wauguzi, ambalo lina uwezo wa kumsimamisha muuguzi au kumfuta katika daftari lake.

Akanitazama. "Na nikishamshtaki, mwanangu akishikwa na homa usiku, feri nitaipanda saa ngapi?"